Sehemu nayo ni namba, ina mahali pake: mstari wa namba katika kufundisha hesabu za msingi na sehemu

Mleta uzi: Mwalimu wa Ngamiani, Tanga

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Nimefundisha hisabati katika shule za msingi hapa Tanga kwa miaka kumi na saba, na jambo ninaloleta leo limekuwa moyoni mwangu kwa muda mrefu. Wiki iliyopita mtoto wa dada yangu, ambaye yuko Darasa la Tano, alinijia barazani na daftari lake. Alikuwa ameandika 1/2 + 1/3 = 2/5, akawekewa alama ya kukosa kwa wino mwekundu pamoja na neno moja, "Rudia". Alirudia mara tatu, na mara zote tatu alipata 2/5, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha kwa nini jibu lile haliwezekani kabisa.

Sikumtajia kigawe kidogo cha shirika (KDS), yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa namba za chini za sehemu zote mbili. Nilichora mstari mchangani, nikaweka sifuri upande wa mlango na moja upande wa mnazi, nikamwambia asimame kwenye nusu. Akasimama. Nikamwambia ajumlishe thuluthi, yaani asonge mbele kwa thuluthi ya mstari wote, naye akasonga. Kisha nikamwuliza 2/5 iko wapi. Aliugawa mstari kwa macho mara tano, akahesabu mbili kutoka mlangoni, akageuka kutazama nyuma yake. "Mjomba," akaniambia, "mimi nimekwenda mbele, mbona jibu langu limerudi nyuma?" Tangu hapo hakuandika tena 2/5, na kanuni ya KDS nilipomfundisha baadaye aliipokea kama mtu anayepewa kitu alichokuwa akikitafuta.

Ninachokisema ni hiki: mtoto anapaswa kuijua sehemu kuwa ni namba yenye mahali pake kwenye mstari kabla hajafundishwa kanuni za kujumlisha, kuzidisha au kugawanya sehemu. Wengi wetu tunaanza na chapati iliyokatwa vipande vinne na tunaishia hapohapo. Chapati ina kazi yake na siikatai, lakini inamfundisha mtoto kwamba 3/4 ni vipande vya kitu, wala haimfundishi kwamba 3/4 ni namba iliyoko kati ya 0 na 1, kama vile 3 ilivyo kati ya 2 na 4. Ndiyo maana akikutana na 5/4 anakwama, kwani chapati imekatwa vipande vinne na hicho cha tano hajui kimetoka wapi. Kwenye mstari wa namba anahesabu hatua za robo: ya nne inamfikisha kwenye 1, ya tano inamvusha.

Niruhusuni nianzie chini, kwenye namba nzima, kwa sababu makosa ya sehemu huanzia huko. Anayeijua Tanga anajua kwamba barabara za Ngamiani zinaitwa kwa namba, moja baada ya nyingine, hivyo mtoto wa huku amezaliwa juu ya mstari wa namba. Nikimwuliza mtoto wa Darasa la Pili anayekaa Barabara ya 7 kwamba akienda Barabara ya 12 atasogea barabara ngapi, mara nyingi hunijibu sita. Anahesabu saba, nane, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, na kwa kila namba anakunja kidole. Amehesabu barabara alizozitaja badala ya hatua alizopiga. Kosa hilohilo likihamia kwenye karatasi, 7 + 5 inakuwa 11, kwa kuwa mtoto anaweka kidole juu ya 7 na papo hapo anasema "moja". Dawa yake kwangu ni maneno mawili ambayo wanafunzi wangu wameyazoea: "Mguu kwanza." Husemi "moja" mpaka mguu uwe umeondoka ulipokuwa na umetua panapofuata.

Barabara zetu zina upungufu mmoja, nao ni upungufu wenye faida kwa mwalimu: zinaanzia kwenye 1, hakuna Barabara ya Sifuri. Waulize wanafunzi kama anayetoka Barabara ya Kwanza hadi ya 6 anatembea mara mbili ya anayekwenda hadi ya 3. Wataharakisha kusema ndiyo, kwa kuwa 6 ni mara mbili ya 3. Wakihesabu hatua wataona kwamba wa kwanza amepiga hatua tano na wa pili mbili. Hapo ndipo mtoto anapoelewa kwa nini mstari wa namba lazima uwe na 0, na kwa nini 0 ni mahali pa kusimamia kabla hujatembea.

Katika kutoa, mstari unatufundisha mambo mawili tunayoyachanganya. Kutoa ni kurudi nyuma, lakini kutoa pia ni kupima nafasi iliyopo kati ya namba mbili. Muuza duka anajua maana hii ya pili vizuri zaidi kuliko vitabu vyetu. Ukinunua bidhaa za shilingi 650 na kumpa noti ya 1,000, haandiki hesabu ya kukopa kwenye mamia na makumi. Anaanzia 650, anaongeza 50 kufika 700, kisha 300 kufika 1,000, na chenji yako ni 350. Hesabu hiyo ni mstari wa namba bila mstari. Walimu wa Uholanzi waliitumia njia hii sana kuanzia miaka ya 1990 kwa mstari mtupu, usio na alama, ambao mtoto mwenyewe anaandika juu yake namba anazozipitia tu. Kwa 83 − 78 kurudi nyuma hatua 78 ni kumtesa mtoto bure. Pima nafasi, ni hatua tano.

Namba hasi nazipita haraka. Mtoto wa pwani ameona maji yakijaa na kupwa, na wakati wa bamvua maji ya huku hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu. Chora mti uliosimama majini, weka 0 pale maji yanapofika yakipwa kwa kawaida, na siku yanapopwa zaidi ya hapo mtoto mwenyewe atakwambia kwamba yamekwenda "chini ya sifuri". Mwaka 1685 mwanahisabati wa Uingereza John Wallis, katika kitabu chake cha aljebra, alieleza jambo hili kwa mtu anayekwenda mbele yadi 5 kisha anarudi nyuma yadi 8, akajikuta yadi 3 nyuma ya alipoanzia, yaani −3. Baadhi ya wanahisabati wakubwa wa zama zile walikuwa bado wanazikataa namba hasi, na mfano wa mtu anayetembea ulisema waziwazi kile ambacho maneno mengi yalishindwa kukieleza.

Sasa tuje kwenye sehemu, ambako ndiko moyo wangu uliko.

Ninatumia kamba ya katani ya mita tano, inayofungwa kati ya nguzo mbili za baraza, pamoja na vibanio vya nguo na vipande vya karatasi ngumu vyenye namba. Kutoka 0 hadi 1 ninaweka sentimita 120, wala siweki 100. Nilianza na mita moja kama wengi, nikakuta thuluthi inaangukia 33 na kipande kisichokwisha, sudusi (1/6) ndiyo kabisa. Sentimita 120 zinagawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 8, 10, 12 na 24 bila kusalia kitu: nusu ni 60, thuluthi 40, robo 30, humusi (1/5) 24, sudusi 20, thumuni (1/8) 15.

Zoezi la kwanza ni kuweka 3/4 kwenye mstari unaotoka 0 hadi 4. Nawasihi walimu wenzangu walifanye zoezi hili kesho asubuhi, kwa sababu litawafunulia mengi. Watoto wengi wataibana 3/4 juu ya 3. Wamechukua mstari wote kuwa chapati, wakaugawa vipande vinne, wakahesabu vitatu. Hawajaona kwamba kizima ni ile nafasi ya kutoka 0 hadi 1, na kwamba kizima hakibadiliki kwa sababu mwalimu amechora mstari mrefu. Zoezi la pili ni kuugawa mstari kwa thuluthi. Mtoto ataweka alama tatu, moja ikiwa juu ya 0, nyingine katikati na ya mwisho juu ya 1, kisha atasema amegawa mara tatu. Ni lile kosa la Barabara ya 7 limerudi: amehesabu alama, hakuhesabu nafasi.

Usiku mmoja mwezi wa Aprili niliisahau kamba nje ikanyeshewa. Asubuhi ilikuwa imejivuta, kwani katani ikilowa hufupika, na nilipoipima kutoka 0 hadi 1 nilikuta imepungua sentimita kadhaa. Nilitaka kuifungua nianze upya, lakini binti mmoja wa Darasa la Sita aliikunja kutoka 0 hadi 1, akaniambia kwamba fundo nililofunga kwenye nusu bado liko kwenye mkunjo. Tukalipima la robo, nalo lilikuwa mahali pake. Sentimita zilikuwa zimebadilika zote, na hakuna sehemu hata moja iliyohama. Sikumbuki siku nyingine niliyoona darasa likielewa upesi hivyo kwamba asili na kiasi, yaani namba ya chini na ya juu ya sehemu, havipimi sentimita, vinapima uhusiano na kizima.

Karibuni tujadili. Ningependa hasa kuwasikia wenye mawazo tofauti.

---

Mzazi wa Chumbageni

Mwalimu, shikamoo. Nimeusoma uzi wako wote na nimejifunza, lakini nina wasiwasi wa mzazi. Mwanangu yuko Darasa la Sita, na katika mtihani maswali ni mengi na muda ni mfupi. Kama ataanza kuchora mistari kwa kila swali la sehemu, je, hatachelewa? Mimi nilisoma kwa KDS tu, nikafaulu. Kwa nini tusiwape kanuni, wakaizoea?

---

Mleta uzi

Marahaba, ndugu yangu. Swali lako ni la haki, na wazazi wengi huniuliza.

Sisemi mtoto achore mstari ndani ya chumba cha mtihani. Ninasema mstari uwe umekwisha kukaa kichwani mwake, ili kanuni ikimponyoka ajue kwamba imemponyoka. Mwaka 1978 nchini Marekani, katika upimaji wa kitaifa, watoto wa miaka 13 waliulizwa wakadirie 12/13 + 7/8, wakipewa majibu manne ya kuchagua: 1, 2, 19 na 21. Hawakutakiwa kukokotoa. Waliochagua 2 walikuwa asilimia 24 tu, ilhali zaidi ya nusu walichagua 19 au 21, yaani walijumlisha viasi peke yake au asili peke yake. Watoto wale walikuwa wamefundishwa kanuni. Walichokosa ni kuona kwamba 12/13 imesimama karibu kabisa na 1, na 7/8 nayo vilevile, kwa hiyo jumla yake haiwezi kwenda mbali na 2.

Mtoto anayeuona mstari hujibu swali kama hilo kabla hajashika kalamu, na katika mtihani wenye majibu ya kuchagua huko ni kuokoa muda, si kuupoteza. Jaribu nyumbani leo. Mwulize mwanao ipi ni kubwa kati ya 1/6 na 1/8. Akisema 1/8 kwa sababu 8 ni kubwa kuliko 6, basi KDS anayoijua ameijenga hewani.

---

Mwalimu Mstaafu, Pangani

Ndugu mleta uzi, nakupongeza kwa moyo wako wa kufundisha. Nimestaafu baada ya kufundisha madarasa ya chini maisha yangu yote, na nina jambo la kupinga.

Mstari wa namba haufai kuwa mwanzo. Mtoto wa Darasa la Kwanza anahitaji kwanza vitu anavyovishika: vijiti, kokwa, vifuniko vya soda. Akiwa na kokwa saba na akaongezewa tano, anazo kumi na mbili mkononi, na hakuna sifuri wala hatua ya kumchanganya. Mstari unamwambia kwamba 7 ni mahali, ilhali yeye bado hajashiba kwamba 7 ni wingi. Kosa unalolieleza la kuhesabu Barabara ya 7 kuwa moja, mimi naona linatoka hapo: katika kokwa, ya kwanza unayoigusa kweli ni moja. Mtoto hakukosea, amepeleka ujuzi sahihi mahali pasipostahili.

---

Mleta uzi

Shikamoo, mwalimu wangu. Maneno yako ya mwisho nimeyaandika kwenye daftari langu la maandalio. Miaka yote hii nimelifahamu kosa hilo, lakini sikuwahi kulieleza kwa usahihi huo, kwamba mtoto anahamisha kanuni ya kokwa kwenda kwenye hatua.

Nakubaliana nawe kuhusu Darasa la Kwanza: kokwa zitangulie. Ninapotofautiana nawe ni kwamba hatupaswi kuchelewa sana. Kokwa haina nusu inayoeleweka. Ukiipasua, umepata vipande viwili vya kokwa iliyoharibika. Anayekaa muda mrefu katika kuhesabu vitu anaamini kwamba baada ya 3 inakuja 4 na kati yake hakuna kitu, na imani hiyo ndiyo inayomsumbua anapofika kwenye 3 1/2. Napendekeza daraja kati ya hizo mbili: panga kokwa katika mstari, zikigusana, kisha chora mstari pembeni yake na uweke alama pale kokwa inapoishia. Alama ya 1 inakuja mwisho wa kokwa ya kwanza, na mwanzo wake kabisa ni 0. Kwa njia hiyo mtoto anaona wingi na mahali kwa pamoja, na anaona kwamba kokwa ya kwanza ndiyo ile nafasi ya kwanza.

---

Fundi wa Makorora

Mwalimu, mimi ni fundi seremala, sikwenda mbali na masomo, lakini mada hii ni kazi yangu ya kila siku, kwa sababu futi ya kupimia ni mstari wa namba.

Futi yangu ya zamani ilikatika mwanzoni, sifuri ikapotea. Sikuitupa. Ninaanzia kupima kwenye 10, na ubao ukiishia kwenye 85 najua ni sentimita 75. Nilipompa kijana wangu futi hiyo nilimweleza, akaitikia, kisha akakata miimo ya mlango kwa kusoma namba ya mwisho tu, ikawa mifupi kwa sentimita kumi. Nilisikitika kwa mbao zile, mninga mzuri. Ndiyo ile tofauti unayoisema ya mahali na nafasi: 85 ni mahali, 75 ni nafasi.

Nina njia nyingine ambayo huenda ikawafaa walimu. Tukiwa na ubao wenye upana wa sentimita 17 na tunataka kuugawa mara tatu sawasawa, hatugawanyi 17 kwa 3. Tunalaza futi mshazari, sifuri ikiwa ukingo huu na 18 ikiwa ukingo wa pili, tunaweka alama kwenye 6 na kwenye 12. Kutoka alama hizo tunapiga mistari inayokwenda sambamba na kingo, na ubao umegawanyika katika thuluthi kamili.

---

Mwalimu wa Madrasa, Mikanjuni

Assalaam aleikum. Naomba kuongezea kutoka upande wangu, kwa sababu maneno thuluthi, sudusi na thumuni yaliyotajwa hapa ndiyo tunayoyatumia katika somo la mirathi. Mafungu yaliyotajwa katika Qurani ni sita: nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Wanafunzi wangu huyakariri vizuri, ila wakiyachanganya katika hesabu moja wanapotea.

Nilipoona kamba ya sentimita 120 nilichukua kalamu. Mtu amefariki akaacha mke, mama, baba na watoto wa kiume. Mke ana thumuni, sentimita 15. Mama sudusi, 20. Baba sudusi, 20. Jumla ni 55, na zilizobaki 65 ni za watoto. Kwa mafungu ya ishirini na nne ni 3, 4 na 4, wakabaki na 13/24. Nimelifundisha jambo hili miaka mingi kwa maneno, na leo nimeliona likilala kwenye kamba.

Ila kuna mahali kamba inazidi. Mwanamke amefariki akaacha mume na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja, bila watoto wala wazazi. Mume ana nusu, dada wana theluthi mbili. Unalionaje hili kwenye mstari?

---

Mleta uzi

Waaleikum salaam, ustadh. Nimefurahi sana kwa swali hili, kwa kuwa linatuvusha 1.

Nusu ni sentimita 60 na theluthi mbili ni 80, jumla 140, na kamba ya urithi inaishia 120. Katika sudusi ni 3/6 + 4/6 = 7/6. Hesabu iko sahihi na mali haitoshi, na mtu anaona kwa macho kwamba pungufu ni sudusi moja. Ninavyofahamu, wanazuoni hulitatua jambo hili kwa njia ya aul: asili inapandishwa kutoka 6 hadi 7, mume anapata 3/7 na dada 4/7. Kwenye mstari maana yake ni kwamba tunaibana ile kamba ya 140 hadi iingie ndani ya kizima kimoja, kila mtu akipungua kwa uwiano uleule, kama kamba yangu ilivyofupika kwa mvua na mafundo yakabaki na uhusiano wao. Hukumu zenyewe za mirathi nawaachia ninyi wenye elimu yake. Mimi nimesimama kwenye hesabu.

---

Mwanachuo wa ualimu

Shikamooni walimu. Niko mwaka wa pili chuoni, na mwezi ujao nitakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Nina maswali mawili. La kwanza, shule niliyopangiwa haina vifaa. Nitawagawishaje wanafunzi hamsini karatasi kwa thuluthi au humusi, ambapo kukunja hakusaidii? La pili, kugawanya sehemu kwa sehemu mimi mwenyewe najua "geuza uzidishe" tu. Je, 2 ÷ 3/4 inaonekana kwenye mstari?

---

Mleta uzi

Marahaba, mwanangu. Jibu la swali lako la kwanza amekwishalitoa fundi wa Makorora, na nimelijaribu jana jioni kwa karatasi. Kila mwanafunzi ana daftari lenye mistari, na mistari hiyo iko sawasawa kwa umbali. Akate ukanda wa karatasi, aulaze mshazari juu ya daftari hivi kwamba mwanzo wake uguse mstari mmoja na mwisho wake uguse mstari wa tatu kuanzia hapo (mguu kwanza, usiuhesabu wa kuanzia). Mahali mistari miwili ya kati inapokutana na ukingo wa ukanda, aweke alama. Hizo ndizo thuluthi. Kwa humusi alaze hadi mstari wa tano, kwa subui (1/7) hadi wa saba. Huhitaji rula.

Swali la pili nalijibu polepole, kwa kuwa hapa walimu wengi tunakimbia. 2 ÷ 3/4 inauliza: hatua yenye urefu wa 3/4 inaingia mara ngapi kutoka 0 hadi 2? Piga hatua ya kwanza, uko 3/4. Ya pili, uko 1 1/2. Ukipiga ya tatu utafika 2 1/4, umepita. Kwa hiyo umepiga hatua mbili kamili na umebakiwa na nafasi kutoka 1 1/2 hadi 2, ambayo ni nusu.

Hapa wanafunzi wote huandika 2 1/2, na usiwalaumu, kwa sababu nusu wanaiona kwa macho yao. Waulize: nusu ya nini? Ni nusu ya kizima, na swali halikuuliza vizima vingapi, liliuliza hatua ngapi. Waambie wachukue ukanda wa hatua, ule wa 3/4, wenye robo tatu ndani yake, waulaze juu ya nafasi iliyobaki. Nafasi iliyobaki ina robo mbili. Robo mbili kati ya robo tatu za hatua ni theluthi mbili za hatua. Jibu ni 2 2/3, na ukigeuza na kuzidisha, 2 × 4/3 = 8/3, unapata hilohilo. Wape wanafunzi muda wa kulaza ukanda ule kwa mikono yao. Mimi hutumia kipindi kizima kwa swali hili moja.

Mstari hautakusaidia kila mahali. Kuzidisha 2/3 × 3/4 unakwenda vizuri: gawa nafasi ya 0 hadi 3/4 mara tatu, chukua mbili, umefika nusu. Lakini 2/3 × 4/5 inachosha juu ya mstari; hapo chora mstatili, ugawe huku mara tatu na huku mara tano, uhesabu vyumba 8 kati ya 15.

Ukifika shuleni kwako, kabla hujafundisha chochote, wape lile zoezi la 3/4 kwenye mstari wa 0 hadi 4, na uniandikie hapa ni wangapi kati ya hao hamsini wameibana juu ya 3.